Komfri ni ya Udongo, Si ya Sufuria

Maneno ya mazungumzo kwa vikundi vya wakulima na kina mama wa sehemu za Manyatta na Runyenjes. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi wote wa Kaunti ya Embu.



Kuna mmea uliozoeleka nyuma ya majiko na karibu na mifereji ya maji katika sehemu za juu za kaunti hii. Jani lake ni pana na refu kama ulimi wa ng'ombe, na lina vinywele vinavyowasha mikono ya anayelichuma. Maua yake ni madogo, ya zambarau au waridi, yenye umbo la kengele, nayo huinamia chini kama yanayoona haya. Ukikatwa leo, baada ya wiki chache umesimama tena. Jina lake ni komfri. Sokoni wengi huuita mabaki, na mgeni kutoka Pwani akisikia mama ananunua mabaki atadhani ni makombo ya chakula cha jana. Sivyo. Kwa Kikikuyu mbaki ni tumbaku, na anayelijua jani la tumbaku akiliona la komfri ataona jinsi yanavyofanana.

Wataalamu wa mimea huiweka komfri katika ukoo mmoja na mti ambao kila mtu wa Embu anaujua, yaani muringa, mti wa mizinga na vinu. Mtu akiokota ua la muringa na ua la komfri hatadhani ni ndugu, lakini ndivyo vitabu vya mimea vilivyozoea kuyapanga. Undugu huo usimdanganye mtu. Muringa ni mti wa mbao na nyuki. Komfri ni mmea mdogo usiokufa kwa msimu mmoja, unaofunika ardhi, na una tabia zake.

Maswali yanayoulizwa kuhusu komfri ni ya aina mbili. Wakulima huuliza namna ya kuipanda ili ishike udongo na kutoa mbolea. Kina mama nao huuliza kama ni kweli kwamba inaongeza damu, na kama inafaa kutiwa kwenye mukimo au kukamuliwa maji ya kumpa mtoto aliyedhoofika. Swali la pili ndilo litakalojibiwa kwanza, kwa sababu kosa la shambani hurekebishwa msimu unaofuata, lakini kosa la ini mara nyingine halirekebishwi.

Jibu ni kwamba komfri isiliwe. Isipikwe na mboga, isitiwe kwenye mukimo, isisagwe na matunda, isichemshwe kama chai. Mtoto mchanga, mama mjamzito na mama anayenyonyesha wakae nayo mbali kabisa.

Ndani ya majani na mizizi ya komfri mna kemikali ziitwazo alkaloidi za pirolizidini. Mmea huzitengeneza kujikinga na wadudu na wanyama. Mtu akizila hasikii kitu. Mara nyingi haziumizi tumbo papo hapo, na mtu hatapiki wala haharishi, ndiyo maana huaminika kuwa hazina neno. Shida huanza zinapofika kwenye ini. Ini kazi yake ni kuvunja vitu vigeni ili mwili uvitoe, na katika kuzivunja alkaloidi hizi, ini hilohilo huzigeuza kuwa sumu kali. Sumu hiyo huzaliwa ndani ya ini na huanzia hapo kuumiza. Hushika chembe za ini na kuharibu mishipa midogo ya damu inayopita humo. Mishipa ikiziba, damu hukosa njia, ini huvimba, na maji huanza kukusanyika tumboni. Madhara ya leo hujumlishwa na ya mwezi ujao. Mtu anaweza kula kidogo kidogo kwa muda mrefu kabla dalili ya kwanza haijaonekana.

Kuchemsha hakuondoi tatizo hili, kwani alkaloidi hizi huvumilia moto wa jikoni. Sehemu ikitoka kwenye jani, huingia kwenye supu, na supu nayo hunywewa. Kuna jambo lingine ambalo wapishi hawalitarajii. Jani changa, lile laini ambalo mpishi yeyote angelichagua, ndilo lenye alkaloidi nyingi kuliko jani lililokomaa. Mzizi una nyingi zaidi kuliko majani yote. Kwa hiyo anayechimba mzizi na kuuchemsha kama dawa ya kifua au ya vidonda vya tumbo anachukua sehemu yenye hatari kubwa kuliko zote.

Basi sifa za komfri zilitoka wapi? Hazikutoka Embu. Katika karne ya 19 Mwingereza Henry Doubleday alileta nchini mwake komfri ya Kirusi, ambayo ni chotara wa aina mbili za komfri, akiitazamia makuu. Miaka mingi baadaye mtunza bustani Lawrence Hills alivutiwa na habari zake, na mwaka 1954 akaanzisha chama cha utafiti alichokipa jina la Doubleday. Makao yake yalikuwa Bocking, katika jimbo la Essex. Hills alijaribu aina nyingi za komfri na kuzipa namba, na aina aliyoipa namba 14 ndiyo inayosifiwa hadi leo kwa mbolea. Habari za mmea huu zilisambaa duniani pamoja na kilimo hai, na pamoja nazo zikasambaa sifa za chakula: kwamba una protini nyingi kuliko mboga nyingine, na kwamba una vitamini B12 ambayo kwa kawaida hupatikana kwenye nyama, maziwa na mayai.

Protini imo, hilo ni kweli. Kuhusu vitamini B12, watafiti waliopima walikuta kiasi kidogo mno, kiasi kwamba mtu angehitaji kula zaidi ya kilo 2 za majani kwa siku ili apate cha kumtosha. Hakuna anayekula hivyo, na angekula hivyo ini lake lingelipa gharama. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti nchini Japani waliwalisha panya komfri, nao wakapata uvimbe wa saratani kwenye ini. Mwaka 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaandikia watengenezaji wa virutubisho waondoe sokoni bidhaa za komfri za kumezwa. Sifa zilitangulia kufika vijijini. Onyo limekuwa likitembea polepole nyuma yake.

Mzee mmoja akisema kwamba amekula mabaki miaka mingi na bado anapanda mlima kuliko vijana, hatakuwa anasema uongo. Sumu hii haimpigi kila mtu sawasawa. Inategemea kiasi, umri, lishe, na hali ya ini lenyewe. Mtu ambaye ini lake limeshaguswa na pombe au na homa ya ini ya virusi yuko kwenye hatari kubwa zaidi, na wengi hawajui kama ini lao limeguswa. Watoto huumia haraka kuliko watu wazima. Mzee mmoja mwenye afya si kipimo cha kijiji kizima.

Vijiji vizima vimewahi kuumia kwa alkaloidi za jamii hii. Katika miaka ya 1970, huko Gulran, magharibi mwa Afghanistan, ukame wa miaka miwili uliharibu mashamba, na ngano iliyovunwa ikachanganyika na mbegu za gugu la ukoo uleule wa komfri. Watu walisaga na kula mkate kama kawaida. Watafiti walipowapima watu 7,200 hivi, zaidi ya mmoja kati ya kila watano alikuwa na ini lililoharibika. Karibu zaidi na hapa, katika jimbo la Tigray nchini Ethiopia, ugonjwa wa ini ulianza kuonekana mwaka 2001 katika kijiji cha wilaya ya Tahtay Koraro, na miaka ikapita kabla chanzo hakijajulikana. Alkaloidi hizi zilikutwa kwenye nafaka, na gugu lililoshukiwa ni Ageratum conyzoides. Hilo si la ukoo wa komfri, lakini lina sumu ya aina hiyohiyo, na halina ugeni Embu: ni lile la maua madogo ya samawati au meupe linaloota kwenye mahindi na maharagwe, ambalo Kikikuyu huliita gathenge kwa harufu yake ya beberu. Anayepura maharagwe au wimbi achambue mbegu za magugu kabla ya kuhifadhi. Hii ni kazi ya dakika chache.

Dalili za kuangalia ni uchovu usioisha, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, tumbo linalojaa huku mikono na miguu ikikonda, na macho kuwa ya manjano. Dalili hizi zina sababu nyingi, na komfri ni mojawapo tu. Mwenye nazo aende kituo cha afya, na amweleze daktari kila alichokuwa akila au kunywa kama dawa, bila kuficha chochote kwa aibu. Daktari asiyeambiwa habari ya mabaki hawezi kuikisia.

Wanaotafuta mboga ya kijani ya kuongeza damu wanayo tayari shambani. Terere, managu, majani ya kunde, majani ya malenge na thabai zimeliwa Embu tangu enzi za mababu, na mukimo wa majani ya malenge haukosi rangi wala ladha. Haieleweki kwa nini mtu aache thabai inayoota bure kwenye ua, akanunue jani lenye maswali.

Kuhusu mifugo, jibu si moja kwa wote. Nguruwe ndio wanaodhurika kwa urahisi zaidi, na kuku nao ni dhaifu. Ng'ombe na farasi huumia pia. Mbuzi, kondoo na sungura huvumilia zaidi kwa sababu miili yao huivunja sumu kwa njia tofauti, lakini kuvumilia si ruhusa ya kuwajazia hori kila siku. Sehemu ya alkaloidi hupita kwenye maziwa, na kwenye mayai vilevile. Kiasi chake ni kidogo, ila mfugaji anayewanywesha watoto wake maziwa ya ng'ombe mmoja kila siku hana sababu ya kumlisha ng'ombe huyo komfri.

Na hapa Embu hakuna haja. Kaliandra ilijaribiwa katika mashamba ya wakulima wa kaunti hii hii, kwa ushirikiano wa watafiti wa kilimo na wa misitu, na ikaonekana kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zinafanya kazi ya kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Inapandwa kwenye kingo za matuta na kukatwa mara kwa mara. Desmodiamu na majani ya viazi vitamu pia yapo. Mkulima mwenye nguruwe awape majani ya viazi vitamu.

Kuna matumizi ya mwilini ambayo yana msingi. Komfri ina kitu kiitwacho alantoini kinachosaidia ngozi na nyama kujijenga, na huko Ulaya mafuta yake huuzwa kwa kupaka penye mteguko au mchubuko wa ndani. Hata hayo hutumika kwa siku chache tu, kwenye ngozi isiyopasuka, wala si kwa watoto au mama mjamzito. Kidonda kilicho wazi kisiwekewe jani lililopondwa. Mfupa uliovunjika upelekwe hospitalini.

Basi inafaa nini? Inafaa sana kwa udongo.

Yeyote aliyeona Rupingazi wakati wa mvua za Aprili au Novemba anajua rangi ya maji yake. Wekundu ule ni shamba la mtu. Rupingazi huungana na Thiba, na Thiba huingia bwawa la Kamburu, na huko udongo bora wa miteremko ya Manyatta hulala chini ya maji usimfae mtu yeyote. Udongo mwekundu wa Embu ni wenye kina na rutuba, lakini ukiachwa wazi kwenye mteremko, kila tone la mvua huupiga na kuulegeza, kisha maji yanayotiririka huubeba. Kinachohitajika ni kitu cha kulipokea tone kabla halijafika chini. Jani pana la komfri hulipokea. Shina nyingi zikisimama karibu, zinafunika ardhi kabisa, magugu yanakosa mwanga, na unyevu unakaa.

Mzizi wake mkuu huweza kufika kina cha karibu mita 2, chini kuliko mizizi ya maharagwe na mboga. Hufyonza potasiamu na madini mengine kutoka huko na kuyapandisha kwenye majani. Jani likikatwa na kutandazwa juu ya ardhi, huoza upesi, kwa sababu halina nyuzi ngumu kama bua la mahindi, na chakula hicho huishia juu, mahali ambapo migomba, nyanya na viazi hukifikia. Mgomba unapenda potasiamu kuliko mazao mengi, na duara la komfri kuzunguka shimo la migomba ni mpango mzuri.

Isitegemewe peke yake kwenye ukingo wa tuta. Mvua kubwa ikija, kinachozuia tuta lisibomoke ni mizizi mingi ya nyasi, kwa hiyo nepia au nyasi nyingine ya kushika udongo ibaki ukingoni, na komfri ikae upande wa juu yake au chini ya miti ya matunda, pasipolimwa kila msimu. Mahali pasipolimwa ndipo pake, kwa sababu itakayotajwa mwishoni.

Hupandwa kwa vipande vya mizizi vya urefu wa kidole, vikilazwa kwenye kina cha sentimita 5 hivi, mvua zinapoanza. Nafasi kati ya shina na shina iwe sentimita 60 hadi 90. Anayetaka ifunike ardhi haraka atumie nafasi ndogo. Shimo liwekewe samadi iliyooza, maana komfri ni mlafi wa mbolea. Mwaka wa kwanza mashina ya maua yakatwe ili nguvu ishuke mizizini. Baada ya hapo hukatwa kila inapofika urefu wa goti au zaidi, ikiachwa sentimita 5 juu ya ardhi. Mkataji avae glavu na mikono mirefu, kwa ajili ya vile vinywele.

Mbolea ya maji hutengenezwa hivi: kilo 1 ya majani huwekwa kwenye lita 15 za maji ndani ya ndoo yenye kifuniko. Katika baridi ya Uingereza huachwa wiki 4 hadi 6. Runyenjes pana joto zaidi, na majani yatakuwa yameyeyuka mapema kuliko hapo. Karibu na msitu wa Mlima Kenya mkulima asubiri zaidi. Harufu yake haina mfano, kwa hiyo ndoo isikae upande upepo unakotoka kuelekea nyumbani, wala karibu na jirani ambaye tayari kuna kesi ya mpaka. Maji hayo humwagiwa chini ya mmea wa nyanya, pilipili au mgomba unapoanza kutoa maua. Yasinyunyizwe kwenye sukuma wiki au mboga nyingine ambayo majani yake yataliwa, na ndoo hiyo isitumike tena kwa maji ya kunywa. Watoto waelezwe kilichomo.

Kwa wakazi wa Mbeere, Siakago hadi Kiritiri, komfri si mmea wa kuhangaikia. Inataka unyevu, na ukame wa huko huifanya inyauke hadi chini. Panapomwagwa maji ya kuoshea vyombo inaweza kusimama. Kwa shamba lenyewe, kunde na mbaazi hufunika ardhi vizuri zaidi huko, na zinaliwa.

Na sasa ile sababu ya kutoipanda katikati ya shamba. Komfri haing'oki kwa jembe. Kila kipande cha mzizi kilichobaki ardhini, hata cha urefu wa ncha ya kidole, huota mmea mpya, na anayeilima kwa hasira huizidisha. Anayetaka kuiondoa achimbe kwa uma taratibu baada ya mvua, udongo ukiwa laini, atoe mzizi mzima kadiri inavyowezekana, kisha arudie kila inapochipua, mpaka ichoke. Mizizi iliyochimbwa isitupwe mtoni wala kwenye lundo la mboji, kwani itaota huko. Ianikwe juu ya mabati juani hadi ikauke kabisa na kuvunjika kama kijiti, ndipo ichomwe.